Mafuta ya Ea Klina

Sijawahi kulipenda gari la kaka yangu. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nalilia chuma. Ni gari dogo la Kijapani lililokula chumvi, rangi yake ya fedha imechujuka juu ya boneti, na tangu alinunue kaka amelitunza kama mwali wa ndani. Huingii humo na viatu vyenye mchanga. Huli humo hata karanga. Wifi yangu, yaani mkewe, alikuwa akiliita mke mwenziwe, na akisema hivyo hakuwa akitania sana.

Tunaishi Ilala, kwenye nyumba ya urithi. Kaka na mkewe wanakaa vyumba vya mbele, mimi nakaa uani, na gari linakaa katikati yetu chini ya paa la mabati ambalo kaka alilijengea wakati paa la choo linavuja. Mimi nauza vitambaa Kariakoo. Najua pamba, najua hariri ya kweli na ya kusingiziwa, na ukinipa kitambaa gizani nitakuambia kwa vidole kama kitachuja rangi kikifuliwa. Magari sikuyajua. Gari kwangu lilikuwa kitu kinachochukua nafasi ya kamba ya kuanikia.

Kitu kimoja tu cha gari lile kilinivuta macho, nacho ni ea klina. Ndivyo mafundi wa Dar wanavyoliita chujio la hewa. Injini nayo inavuta pumzi, na hewa ya mtaani kwetu ina vumbi, basi chujio linakaa mlangoni kulizuia. Magari ya watu wengi yana chujio la karatasi, limefungiwa ndani ya boksi jeusi, likichakaa linatupwa. Kaka aliling'oa boksi akaweka chujio la wapenda mbio, lenye umbo la koni, limekaa wazi bila kifuniko, na badala ya karatasi lina shashi ya pamba nyekundu yenye mikunjo mingi. Ukikanyaga, injini inavuta hewa kwa mlio wa mtu anayefyonza supu ya moto. Kaka aliupenda mlio ule. Chujio lenyewe halitupwi. Linafuliwa.

Hapo ndipo mimi na gari lile tulipopatana, kwenye kufua. Siku za mapumziko nilikuwa nakaa kizingitini pangu na kikombe cha chai namwangalia. Aliligongagonga kwenye kiganja taratibu ili vumbi lidondoke. Akalipulizia sabuni yake maalumu, akaipa muda ilainishe uchafu, lakini hakuiacha ikaukie humo. Kisha akalisuuza kwa maji madogo ya bomba, kutokea ndani kuja nje, ili taka irudi ilikotoka isizidi kuzama. Nilikubali moyoni kwamba mwanamume huyu, ambaye hajawahi kufua shati lake mwenyewe, anajua kufua. Beseni lilikuwa la ea klina peke yake. Siku wifi alipooshea dagaa humo, kaka hakusema naye mpaka jioni, na wifi akasema heri, leo tumepumzika.

Likishafuliwa alilitundika kivulini. Hakulianika juani, hakuliwekea feni, na ole wako utamke kupiga upepo. Dar nzima inapiga upepo. Unafika gereji, fundi anachomoa ea klina, anaielekezea mpira wa kompresa, vumbi linaruka mpaka kwa muuza chipsi, anairudisha, umemaliza. Karatasi inavumilia hayo. "Pamba haipigwi," kaka aliniambia mara moja. "Ukiipiga, nyuzi zinaachiana." Mimi muuza vitambaa sikuwa na la kubisha. Likishakauka alilichukua, akaingia nalo ndani ya gari na kufunga mlango, akakaa humo muda mrefu ameinamia mapajani. Wifi alisema anakwenda kulinong'oneza. Hatukuwahi kuuliza anafanya nini humo, kwani nani alikuwa na haja ya kujua?

Kisha kiharusi kikamwangusha. Alikuwa anavaa kanzu ya kwenda Ijumaa, mkono mmoja umeshaingia, wa pili haukuingia tena. Upande wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakaondoka yote. Aliporudi kutoka hospitali tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki barazani, na watu wakaja kumpa pole, naye akawaangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeachwa na basi. Niliogopa kumtazama machoni. Ndugu yangu mkubwa, aliyenifundisha kuvuka barabara, nilimwogopa.

Neno la kwanza lilimtoka asubuhi moja wifi akimlisha uji. Alisema, mafuta. Alilisema sawasawa, kwa sauti yake ile ile, wifi akaangusha kijiko. Tulikusanyika wote tukamwambia sema tena, akasema tena. Tulimshukuru Mungu. Tukangoja la pili, na hatukupata la pili. Kila alichotaka kukisema kilitoka mafuta.

Kwa bahati mbaya alibaki na neno ambalo Waswahili tumelitwisha kila mzigo. Kuna mafuta ya kupikia na ya kujipaka, ya taa, ya nyama, ya kumchulia mgonjwa, ya gari, na dereva akitaka kwenda mbio anaambiwa kanyaga mafuta. Angebaki na neno maji, tungempa maji. Wifi alidhani chakula kina mafuta mengi, akapunguza, kisha akadhani ni machache, akaongeza. Jirani alileta habasoda. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikuja na chupa ya zeituni iliyosomewa, akamchua mguu mzima huku anatabana. Kaka akaanza kulia kwa hasira, machozi ya jicho moja zaidi ya jingine, huku anasema mafuta, mafuta, na shangazi akazidi kumimina.

Shangazi alipochoka alinawa mikono, akatuita pembeni. "Wanangu, hayo ni maneno ya ugonjwa," alisema. "Mwenyewe ameshaondoka. Hiki kilichobaki ni kiwiliwili tu, kilisheni, kiombeeni. Msijitese kukiuliza."

Nilimjibu vibaya, mwanamke mtu mzima wa umri wa mama yangu. Nilimwambia asimzike mtu anayekula uji. Aliondoka bila chai. Wifi alinilaumu, lakini usiku ule alikuja uani akaniuliza kwa sauti ndogo, je, kama shangazi anasema kweli? Hilo ndilo swali lililokaa nyumbani kwetu tangu siku ile: yumo, au hayumo? Kama yumo, anatuita kutwa na sisi hatumsikii. Sikujua lipi baya zaidi.

Wifi haendeshi, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mazoezini kwenye ile hospitali kubwa ya Upanga niliipata mimi, mwenye leseni niliyoichukua ujanani kwa ajili ya kubeba robota za vitenge. Kaka alikaa kushoto kwangu. Injini ikiwaka, nusu ya mdomo wake ilicheka. Kwa ajili ya ile nusu nililiendesha gari lile. Dada mmoja wa mazoezi ya kusema alituambia kwamba mgonjwa kama huyu anaweza kubaki na neno moja likawa linatoka kwa kila jambo, na mara nyingine analikusudia, mara nyingine halikusudii. "Msikilizeni uso," alisema. "Neno msilitegemee sana." Niliitikia ndiyo, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaamua kwamba kaka yangu analikusudia.

Wakati ule barabara ya mtaani kwetu ilikuwa imechimbuliwa, vumbi mpaka kwenye kikopo cha chumvi. Gari likaanza kuchoka. Unakanyaga, linafikiri kwanza ndipo liende. Nikalipeleka gereji ya jirani, kaka yumo ndani. Fundi alifungua boneti, akaguna.

"Mama, hii ea klina imekufa kwa vumbi," alisema. "Naipiga upepo fasta, unaondoka zako."

Akavuta mpira wa kompresa. Kaka, aliyekuwa kimya tangu nyumbani, akaanza. "Mafuta. Mafuta. Mafuta." Alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja cha kushoto.

Fundi akachungulia geji. "Yapo mzee wangu, usiwe na wasi. Robo tanki hiyo, mnafika."

"Mafuta," kaka akasema, macho kwenye ule mpira.

"Acha," nilimwambia fundi. "Hiyo haipigwi upepo. Ni pamba."

Fundi akainua mabega. "Sawa mama, gari lako."

Kaka akanyamaza. Mkono ukashuka, pumzi ikamtoka. Aliona. Alielewa. Mtu asiyekuwemo hawezi kutetea ea klina yake.

Nilipofika nyumbani sikungoja hata kuvua baibui. Wifi mwenyewe ndiye aliyeleta lile beseni, akalifuta kwa upindo wa kanga yake. Tulimweka kaka kwenye kiti, nikafua mbele yake kama nilivyomwona akifua, sabuni, kungoja, maji madogo kutokea ndani. Maji yalitoka meusi, yakawa ya kahawia, kisha yakatoka mekundu. Shashi yote ilikuwa imepauka, imekuwa ya waridi hafifu kama kanga ya miaka mingi. Imechuja. Mimi, ninayejua kitambaa gizani, nimemchujia kaka kitu chake alichokipenda.

"Kaka, nimeiharibu," nilimwambia.

"Mafuta," alisema. Akanyoosha mkono wa kushoto, nikamsogezea. Alipitisha kidole kwenye mkunjo mmoja, kisha akasugua kidole na gumba, akiangalia.

Nami nikafanya vile vile. Pamba ilikuwa na maji matupu chini ya vidole, hainati hata kidogo, na nikakumbuka kwamba zamani nilipoigusa ilikuwa inanata. Ule wekundu haukuwa rangi. Ni mafuta. Pamba peke yake ina matundu, vumbi jembamba linapita, ni unato wa mafuta ndio unaolikamata. Na hicho ndicho alichokuwa akikifanya mle garini mlango umefungwa, hakuwa akinong'ona. Alikuwa akiipaka.

"Ipakwe mafuta?" nilimuuliza.

"Mafuta," alisema kaka, na nusu ya mdomo ikacheka.

Wifi alikaa chini sakafuni akalia. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilikuwa nazunguka uani nikiwa na koni ile mkononi, najigonga kwenye ndoo. Kwa muda wote ule tulimpa zeituni na habasoda, kumbe mwenzetu anaulizia gari lake. Yumo. Nilitaka kumpigia shangazi simu wakati ule ule, wifi akasema ngoja kwanza chujio likauke.

Kesho yake nilimwachia jirani duka langu nikaenda upande wa Gerezani, kwenye maduka ya spea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wakanijua tangu mlangoni. Mmoja akaniambia niweke oili ya injini iliyokwishatumika, ni ile ile. Mwingine akanishauri nitupe ile ninunue ya karatasi. Nilikuwa karibu kurudi dukani kuchukua mafuta ya cherehani nilipompata muuzaji aliyekuwa nayo, chupa ndogo ya plastiki, ndani mekundu kama sharubati.

"Hii inaitwa oili, mama," alisema. "Oili ya ea klina. Ukitembea unauliza mafuta, watakupa petroli. Nani kakutuma?"

"Kaka yangu."

"Basi kaka yako si mtu wa magari. Mtu wa magari hawezi kuiita hii mafuta."

Nilimwambia kaka yangu ni mtu wa magari kuliko yeye na ukoo wake. Alicheka, akanifungia chupa, akaniasa nipitishe mstari mmoja tu kila mkunjo nisizidishe, kwa sababu ikizidi injini inaivuta na kuichafua sensa ya hewa, kile kidude kinachopima hewa inayoingia. Nikaondoka. Lakini neno lake lilinifuata mpaka Mtaa wa Swahili. Ni kweli. Kaka alikuwa akisema nakwenda kubadilisha oili, oili imepungua, oili gani hii wametuuzia. Katika maisha yake yote sikumsikia akiiita oili mafuta. Nilisimama kidogo, wapagazi wakanipigia kelele nipishe, nikalitupa wazo lile. Mfa maji haishi kutapatapa, nilijiambia, mgonjwa atachagua neno la wapi? Methali ile nilimkusudia yeye, si mimi.

Nikapaka. Sasa, mimi ni mwanamke wa Pwani. Tangu utotoni nimeambiwa mtu aliyepakwa mafuta ni yule anayeng'aa. Mtoto akitoka bafuni hang'ai, mama yake anasemwa. Mstari mmoja kwa mkunjo niliuona ni uchoyo. Nilipitisha wa pili, nikapitisha wa tatu pale palipobaki na weupe, nikaigeuza, nikaongeza. Ilikolea vizuri mno, nyekundu ya bibi harusi. Kaka alikuwa ananiangalia. Nilipomaliza alisema mafuta, nami nikasema ahsante, kaka, na hata nikaongeza kidogo.

Shangazi aliitwa. Alikuja, nikamwamkia shikamoo kwa adabu iliyopitiliza, akaitikia marahaba ya mkato. Tulimkalisha mbele ya gari, boneti wazi.

"Kaka, hii inataka nini?" nilimuuliza.

"Mafuta."

Shangazi akashika kinywa. Akamshika kaka kichwa, akambusu utosini, akamwomba radhi. Wifi akapika pilau. Majirani waliokuja walimuuliza swali lile lile, naye akawajibu, wakacheka na kupiga makofi, na mimi nilijiona nimemtoa ndugu yangu kisimani kwa mikono yangu. Sijawahi kuwa na furaha ile, hata siku nilipofungua duka.

Toka hapo neno likawa na maana moja. Akisema mafuta barazani, tulimpeleka chini ya paa la mabati tukamfungulia boneti. Akisema wakati wa kula, tulimwambia tulia kaka, tukimaliza tutakwenda kuiangalia. Nilijifunza kulegeza ile pete ya chuma inayoibana ea klina kwa bisibisi ndogo, nikaiweka bisibisi ndani ya mkoba pamoja na tasbihi. Nilikuwa naichomoa namshikisha. Mara nyingine alitulia. Mara nyingine machozi yalimtoka, tukaambiana analia kwa furaha.

Masika yakaingia. Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka Upanga, mimi na yeye tu, mvua imeanza tangu alfajiri. Jangwani kulikuwa kumeshajaa maji, barabara imefungwa, na magari yote yaliyogeuzwa kule yakamwagwa Kariakoo. Tulinasa Mtaa wa Msimbazi, mbele gari, nyuma gari, ubavuni mkokoteni wa magodoro yaliyofunikwa turubai. Nilikuwa naona kona ya kwenda dukani kwangu. Tulikaa pale. Vioo viliingia ukungu. Injini ikaanza kukohoa. Taa ya njano yenye picha ya injini ilikuwa imewaka dashibodi tangu juzi, nami nilikuwa nimeipuuza kama ninavyopuuza simu nisizozijua. Nikiacha kukanyaga, gari linazimika. Naliwasha, linazimika.

"Mafuta," kaka alisema.

"Yapo, kaka."

"Mafuta."

"Nimeipaka, kaka. Uliniona mwenyewe."

Alipaza sauti. Alipiga dashibodi, akapiga mlango, kisha akanipiga mimi begani kwa ule mkono mzima. Kaka hajawahi kunipiga hata tulipokuwa watoto. Niliumia, na papo hapo, Mungu anajua, nilifurahi. Nilidhani anaisikia injini inavyoumwa, fundi ameamka ndani yake, ananiambia nenda kaitazame ea klina. Nilichukua bisibisi nikashuka kwenye mvua. Honi zilikuwa zinalia nyuma yangu. Nilifungua boneti, nikalegeza pete, nikaichomoa, nikaifunika kwa mtandio isilowe, nikaja mpaka dirishani kwake na kufungua mlango.

"Hii hapa," nilimwambia. "Angalia. Nyekundu, imelowa mafuta. Haina tatizo."

Hakuiangalia. Alikuwa ananiangalia mimi usoni. Midomo ikasogea, akalisema neno lile kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeomba msamaha, kisha akageuza uso upande wa usukani ili nisimwone.

Ndipo nikasikia harufu. Suruali yake ya kaki ilikuwa imelowa mpaka magotini, na kiti, kile kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kula karanga juu yake, kilikuwa kimelowa. Alikuwa ameniomba kwenda haja ndogo. Tangu Upanga alikuwa ananiomba, na mimi namjibu kuhusu ea klina.

Watu wanaopita waliinama kuchungulia, maana mwanamke amesimama kwenye mvua mlango wazi, lazima kuna jambo. Wengine walinijua. Mimi ni dada yake. Kuna mambo dada hamwoni kaka yake, hata akiwa hoi, hata akiwa mfu anaoshwa na wanaume wenziwe. Sikuweza kumgusa, sikuweza kumwacha. Nilichukua mtandio ule ule, wenye madoa ya oili, nikamfunika mapajani, nikafunga mlango. Nikabaki nimesimama na ea klina mkononi bila kujua niifanye nini. Mwenye mkokoteni akaniambia, "Mama, rudisha kifaa chako, foleni inasogea," nikarudisha.

Tulirudi hivyo hivyo, gari likizimika nami nikiliwasha. Nyumbani wifi alimwingiza ndani akafunga mlango, nikakaa uani nasikia maji yakimwagika. Nilisugua kiti kwa sabuni ya unga mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyenilaumu. Wifi alisema nani angejua, na ni kweli, nani angejua? Lakini alipokuwa akiniambia hivyo alikuwa anaangalia pembeni, na nilijua anahesabu moyoni mara zote tulizomfungulia boneti.

Gari lilipona mara moja. Fundi alisema oili imezidi, imevutwa mpaka kwenye sensa; akaisafisha, akaikausha ea klina kwa kitambaa mpaka ikabaki na rangi tu, likawaka na kutulia. Ni rahisi hivyo, gari. Linakohoa pale pale linapoumwa.

Kaka bado ana neno lake. Namsikia akimwambia wifi, nao wameshatengeneza mambo yao, wifi anamtazama uso, anamgusa huku na huku mpaka apate. Anamwambia shangazi, anamwambia hata paka. Kwangu hajalitoa tena tangu Msimbazi. Asubuhi za mazoezi namwingiza garini, namfunga mkanda, nasimama nje ya mlango kabla sijaufunga. Namuuliza, kaka, unataka kitu? Unataka kwenda msalani kwanza? Namwangalia uso kama nilivyoambiwa. Macho yake ni ya mtu aliyemo, sina shaka tena kwamba yumo, na sihitaji kumwita shangazi aje kushuhudia. Ananitazama muda mrefu, kwa upole. Kisha anafumba mdomo, anageukia mbele na kungoja niwashe gari.